Makali Matatu na Dungu la Baba

Jumamosi, 17 Septemba

Nimeamua. Mwaka huu simenyi viazi!

Niandike kwa utaratibu, maana Marlys, mke wangu, anasema mawazo yangu hurukaruka kama panzi. Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde unafunguliwa tarehe mosi Oktoba. Jioni ya kuamkia siku hiyo, wanaume wa kambi yetu huketi mezani na Baba Mkubwa Urho hukagua mishale. Kila mtu hukunja shati na kunyoa malaika ya mkono wake mwenyewe kwa kigumba cha mshale wake mwenyewe, mbele ya wote. Nywele zikianguka, unachagua dungu la kuwindia. Anayenyoa safi zaidi huchagua kwanza. Zisipoanguka, kesho yake unabaki jikoni. Ndiyo sheria tangu enzi za babu. Hakuna rufaa.

Miaka mitatu mfululizo nimebaki jikoni. Mitatu! Mwaka wa kwanza kigumba kilizilaza tu nywele, kama kitana. Wa pili kilizing'oa, nikapiga yowe. Wa tatu sitaki kuuzungumzia.

Na wakati mimi namenya viazi, nani amekalia dungu la marehemu baba yangu pale Bwawa la Mierezi? Trevarrow. Clayton Trevarrow, kaka yake Marlys, shemeji yangu, mtu anayetafuna karanga akiwa mawindoni. Baba alilijenga dungu lile kwa mikono yake, juu ya mwerezi mkubwa kuliko yote. Trevarrow amepigilia msumari kwenye mti wa Baba ili atundike chupa yake ya kahawa. Msumari!

Mimi nimepanda pale mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nilijikuna. Nikajikuna tena. Kulungu wakakimbia. Baba akanishusha, akasema nitapanda tena siku nitakapojua kutulia. Sasa nina hamsini na mbili, na Baba ana miaka minne kaburini.

Leo Baba Mkubwa amepiga simu. Ana themanini na moja. Anasema amechoka kuamua ugomvi wa dungu lile kila mwaka. Atakayechagua kwanza mwaka huu litakuwa lake mpaka afe. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, alisema, akakata simu kabla sijauliza swali.

Siku kumi na tatu. Tupa nimeshaitoa stoo.

Jumatatu, 19 Septemba

Vigumba vyangu ni vya makali matatu. Wajuzi wanasema hivyo ndivyo rahisi kuliko vyote kunoa. Unakilaza juu ya tupa, makali mawili yanagusa kwa pamoja, mshale wenyewe ndio mpini, wala hukisii mwinamo. Unasukuma mbele, unahesabu, unazungusha. Mara kumi kila upande. Hata mlevi anaweza.

Nilianza vizuri. Nikapaka makali wino mweusi wa kalamu nene ili nione tupa imegusa wapi. Moja, mbili, tatu. Simu ikalia. Trevarrow! Alitaka kujua kama chumvi ya kambini inatosha mwaka huu, kwa sababu, alisema, mambo ya chumvi anayajua mpishi. Nikamkatia simu. Nikarudi kwenye tupa. Nilikuwa nimefika sita au kumi na sita? Nikaanza upya, kwa hasira, upande uleule. Kisha nikasahau kuzungusha.

Saa kumi nikatoka uani kujaribu. Kumbe mshale wenye kigumba kilicholiwa upande mmoja hauendi ulikotumwa. Ulizunguka hewani, ukaipita shabaha, ukaingia kwenye boga la Marlys. Boga kubwa kuliko yote, lile alilokuwa analilea kwa ajili ya maonyesho ya mavuno. Marlys hakugomba. Aliuchomoa mshale, akanikabidhi, akasema leo tutakula supu ya boga, na kesho, na keshokutwa.

Lakini! Kabla ya kula nilijaribu kigumba cha pili mkononi. Kimenyoa kiraka karibu na kifundo, ukubwa wa stempu. Kiraka halisi! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwa kigumba nilichonoa mwenyewe, maana enzi zake alininolea Baba. Nilikitazama mpaka supu ikapoa.

Alhamisi, 22 Septemba

Mkono wa kushoto umekwisha. Nimehamia wa kulia.

Kazini mkuu wetu aliniuliza kwa nini nafyeka kando ya barabara nikiwa nimevaa mikono mirefu kwenye joto hili. Nikamwambia mbu. Akasema mbu wamekwisha tangu Agosti. Nikamwambia waliobaki wananijua mimi.

Nimegundua siri ya kunoa. Baada ya tupa, kinoo. Baada ya kinoo, ngozi. Ukingoni hubaki unyuzi mwembamba wa chuma, huuoni kwa macho, lakini ndio unaolaza nywele badala ya kuzikata. Unapaka ngozi ile nta ya kijani ya kung'arishia chuma, unavuta kigumba kinyumenyume, unyuzi unaondoka. Miaka mitatu ya viazi, kwa ajili ya unyuzi!

Shida ni ngozi. Mkanda wangu ni mwembamba. Glovu za Baba zimeliwa na panya. Nikazunguka nyumba nzima mara mbili. Mkoba wa Marlys ulikuwa juu ya kiti. Ngozi halisi, pana, laini, urithi wa mama yake. Upande wa mbele sikuugusa, mimi si mshenzi. Nilitumia upande wa nyuma, ule unaoangalia nyonga, ambao hauonwi na mtu.

Matokeo: ajabu! Mkono wa kulia umenyoleka mpaka kiwiko kwa mpito mmoja. Nimeufuta mkoba kwa kitambaa na kuurudisha ulipokuwa.

Jumamosi, 24 Septemba

Sauna, bafu letu la mvuke, kwa Trevarrow. Kila Jumamosi ni zamu ya mtu, leo ilikuwa yake. Trevarrow si mtu wa asili ya Finland kama sisi, si Mfini hata kidogo. Mababu zake walikuja huku kuchimba shaba. Lakini sauna yake ina moto kuliko za Wafini wote wa wilaya. Hilo nalo linaniuma.

Nilikuwa na mpango wa pili: kupeleleza. Kisanduku chake cha vigumba hukaa kwenye rafu ya chumba cha kuvulia nguo. Nikajifanya nimezidiwa na joto, nikatoka, nikafungua. Vyote sita vinang'aa. Nikataka tu kujua makali yake yamefika wapi. Nikapitisha kidole gumba. Yamefika mbali. Damu ikaenda kwenye taulo lake jeupe, lile lenye jina lake limetariziwa.

Trevarrow akatoka akiwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Nikamwambia pua imetoka damu kwa joto. Akaitazama pua. Akakitazama kidole. Halafu akanitazama kuanzia mabegani mpaka miguuni, maana jana nilianza miguu pia, na mtu hawezi kuficha kitu kwenye sauna. Akauliza kwa upole kama nimepata ugonjwa. Nikasema sina. Akauliza kama basi nimeanza mashindano ya kuogelea. Akacheka mpaka akakaa chini. Yeye mikono yake imejaa nywele kama zulia. Anasema ananyoa kiraka kimoja tu kwa mwaka, siku ya ukaguzi, basi. Maringo matupu.

Nyumbani Marlys alinifunga bandeji. Nilitegemea pole. Akasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumapili, 25 Septemba

Msiba.

Marlys alivaa koti lake la rangi ya maziwa kwenda kanisani. Akautundika mkoba begani. Ile nta ya kijani, kumbe haitoki kwa kitambaa. Ikipata joto la mwili inalainika na kuhamia kwenye koti. Aliposimama kuimba, benchi zima la nyuma yetu liliona nyonga ya kijani. Mama mmoja mzee akamnong'oneza, kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni, kwamba ameota kuvu.

Njiani Marlys alilivua koti, akalikunja, kijani kikiwa ndani. Nyumbani aliuweka mkoba mezani, upande wa nyuma juu, akaniomba nimweleze ile mikwaruzo. Nikaeleza unyuzi. Nikaeleza kinoo. Nikaeleza Baba na dungu na msumari wa Trevarrow. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba marehemu baba yangu alimpenda sana, na alimwambia siku ya harusi kwamba mimi, Reino, nina mikono mizuri ila haijui kukaa. Kisha akaenda kuloweka koti. Mkoba ameniachia. Anasema sasa ni wangu.

Nilijisikia vibaya sana, kwa kweli. Kama dakika kumi. Halafu nikawaza: sasa naweza kutumia na upande wa mbele.

Jumanne, 27 Septemba

Nywele zimekwisha. Mikono, miguu, kifua. Kifua hakikuwa na nyingi. Kichwani zilikwisha zenyewe zamani.

Nimebaki na vigumba sita na hakuna pa kuvijaribu. Gazeti si kipimo, gazeti hukatwa hata na kijiko. Nikamtazama Musti, mbwa wetu. Musti akanitazama. Ana manyoya mengi, hana kazi, anakula bure. Nilichukua kiraka kimoja tu mgongoni. Kikatoka safi! Nikajaribu kigumba cha pili, na cha tatu. Haki sawa kwa vigumba vyote. Sasa Musti anafanana na zulia lililoingiliwa na nondo, na kila akisikia tupa anaingia chini ya gari.

Trevarrow amepita kuazima ngazi. Amemkuta Musti. Ameniuliza kama ule ugonjwa wangu unaambukiza.

Alhamisi, 29 Septemba

Nimemaliza. Vyote sita. Nasema bila majivuno: katika rasi hii yote, kutoka ziwa mpaka ziwa, hakuna kigumba kikali kama changu cha tatu. Nilidondosha karatasi ya sigara juu yake, ikatua vipande viwili. Nilitamani kumwita Baba aone. Nilifungua mdomo kabisa, kabla ya kukumbuka.

Marlys alikuwa anapanga mikate ya iliki ya kupeleka kambini. Akaniuliza, bila kuinua macho, Ijumaa nitanyoa nini. Nikamwambia kigumba cha tatu. Akasema hajauliza nitanyoa kwa kutumia nini, ameuliza nitanyoa nini. Nikamwambia asinivunje moyo saa hizi. Akanyanyua mabega, akaendelea na mikate.

Wanawake hawaelewi mambo ya chuma.

Ijumaa, 30 Septemba

Naandika jikoni, kambini. Karibu yangu kuna gunia la viazi.

Tulikula mikate ya nyama, tukafuta meza. Baba Mkubwa Urho akakaa mwisho wa meza, akavaa miwani. Tukakunja mikono ya mashati. Mimi nilikunja wa kwanza, kwa fahari, mpaka bega. Nikauweka mshale mezani, kigumba cha tatu, taa ya karabai ikang'aa juu ya makali yote matatu. Hata Trevarrow aliacha kutafuna.

Zamu yangu ikafika. Nikaweka kigumba mkononi. Nikapitisha. Hakikuanguka kitu.

Nikapitisha tena. Nikabadilisha mkono. Baba Mkubwa akasogeza taa. Akainama. Akautazama mkono wangu kama mtu anayesoma barua ya benki. Akauliza nywele ziko wapi. Nikasema nilizinyoa. Akauliza lini. Nikasema tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, kidogo kidogo, nikiwa najaribu.

Halafu Trevarrow akaanza.

"Shemeji," alisema, "umenyonyoka kama kuku wa Krismasi!"

Nikatoa miguu. Baba Mkubwa akasema nirudishe suruali yangu, watu wamekula. Nikasema nina ndevu, ninyolewe ndevu hapahapa. Akasema sheria ni mkono. Nikasema kuna manyoya ya Musti kwenye koti langu. Akavua miwani. Alisema kwa huzuni, si kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza: nywele hazikuanguka, Reino. Unajua zinakotunzwa sufuria.

Trevarrow alinyoa kiraka chake. Kikatoka safi. Akachagua kwanza. Bwawa la Mierezi. Sasa ni lake mpaka afe, na afya yake ni nzuri sana.

Marlys alijua! Alijua toka jana, hakuniambia!

Jumamosi, 1 Oktoba

Asubuhi nimemenya viazi arobaini na vitatu. Nimevihesabu. Kisu cha kambi hakikati tena, kwa sababu nilikitumia kufungulia makopo ya maharage, sikukipata kifungulio.

Saa nne wawindaji wakarudi. Trevarrow wa mwisho. Hakuwa anatafuna chochote. Akakaa kwenye ngazi, akasema limekuja dume la kulungu, pembe zenye matawi manane, hatua ishirini, limesimama ubavu. Akasema alikosa.

Alikosa! Niliomba radhi kwa Mungu kwa furaha niliyoisikia, halafu nikaisikia tena.

Kwetu anayekosa hukatwa pindo la shati kwa nyuma, na pindo linapigiliwa ukutani pamoja na jina lake. Ukutani yapo kumi na tisa. Manne ni yangu. Trevarrow hakuwa na hata moja. Baba Mkubwa akaomba kisu. Kisu kikaukuna mgongo wa shati bila kuacha hata alama. Akauliza nani amekifanyia hivi kisu cha marehemu baba yake. Nikatazama maharage. Akaomba kitu chochote chenye makali.

Nikaleta kigumba cha tatu.

Sikubonyeza. Naapa sikubonyeza. Nilipitisha mara moja tu. Pindo lilianguka. Mikanda ya begani ya Trevarrow, yote miwili, ikaachia. Suruali ikaenda chini, na ndani alikuwa amevaa chupi ndefu nyekundu zenye kiraka nyuma. Watu walicheka wakashikana. Meno ya bandia ya Baba Mkubwa yalimtoka, akayadaka.

Alipoyarudisha akaupokea mshale kutoka kwangu. Akakunja shati lake. Akapitisha kigumba kwenye mkono wake wa miaka themanini na moja, polepole, na nywele nyeupe zikaanguka mezani bila sauti. Akazikusanya kwa kidole. Akasema hajaona makali kama haya tangu ndugu yake alipokufa.

Baada ya hapo nilikata vitunguu. Vilikuwa vikali sana.

Kisha akatoa neno. Kwa kawaida, aliyekosa hupumzisha dungu lake siku moja. Kesho nitapanda mimi. Si lazima nipige mshale. Nikae tu mpaka saa nne, nisiusumbue msitu, na dungu la Baba litakuwa langu. Trevarrow, ameshika suruali kwa mikono miwili, alilalamika kwamba neno la Ijumaa lilishatoka. Baba Mkubwa akamjibu kwamba neno hilo alilizaa yeye, na anaweza kulichapa. Kisha akanigeukia.

"Kutulia tu, mwanangu. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Wanasema nilisema hivyo nikiwa nakaa, nasimama, na kukaa tena.

Jumapili, 2 Oktoba

Nimeipa meza mgongo. Sitaki kuona uso wa mtu.

Saa moja asubuhi nilikuwa juu. Baba Mkubwa alikuwa kwenye dungu lake ng'ambo ya bwawa, hatua mia hivi. Ukungu juu ya maji. Nikaona msumari wa Trevarrow, nikaupa mgongo. Juu ya ubao wa kukalia kulikuwa na mto wake, umefungwa kwa kamba. Nikaufungua niutupe.

Chini ya mto ubao ulikuwa umechongwa herufi. Zimechongwa kwa ncha ya kigumba, naujua mwandiko wa Baba, ile R yake yenye mguu mrefu. REINO TULIA.

Na ubao ni mpana wa watu wawili. Miaka yote hii sikujua. Alikaa upande mmoja miaka thelathini na saba, na upande wangu akauacha wazi.

Nililia. Hakuna mtu aliyeniona, kwa hiyo naandika. Nilikaa upande wangu, nikaweka mkono juu ya herufi, nikatulia. Naapa nilitulia. Majani makavu ya mwerezi yaliniangukia shingoni, sikujikuna. Nzi alitembea puani pangu kutoka tundu la kulia mpaka la kushoto. Dakika ishirini nzima!

Halafu wazo likaja. Jana kigumba cha tatu kilikata shati, kikakata mikanda miwili, kikanyoa mkono wa mzee. Hiyo ni kazi nyingi. Makali lazima yamepungua. Nikatamani kukijaribu. Mkono hauna nywele. Ndevu ziko karibu sana na koo. Sasa nitajuaje? Dume likija, nami nimekaa kwenye dungu la Baba na kigumba butu, si itakuwa aibu kwa marehemu? Nilijibishana na nafsi yangu mpaka jasho likanitoka. Na ile tupa ndogo, sijui ilifikaje mfukoni mwangu. Nadhani niliiweka mimi.

Mara kumi tu kila upande. Taratibu. Heshima kwa Baba.

Kwaruu. Kwaruu. Kwaruu.

Nilipomaliza upande wa tatu niliinua kichwa. Dume lilikuwa majini, hatua kumi na tano. Matawi manane. Maji yanadondoka mdomoni. Linanitazama. Upinde wangu umetundikwa kwenye msumari wa Trevarrow, na mimi nimeshika tupa. Halikukimbia hata. Lilitoka majini polepole, likatikisa mkia, likaenda zake.

Saa nne nikashuka. Baba Mkubwa alikuwa ananisubiri chini ya mwerezi, ameegemea fimbo. Nikamwambia sijaona kitu. Akasema yeye amesikia. Kumi, kumi, kumi, alisema. Angalau mwaka huu umehesabu sawasawa.

Dungu limerudi kwa Trevarrow, mpaka afe. Baba Mkubwa alisema Trevarrow hukosa, ndiyo, lakini hukosa kimya kimya.

Nikamrushia Trevarrow mto wake. Nikamuuliza, mbele ya wote, ni ubaya gani huo, kumfunika marehemu kwa mto miaka mitatu. Akaona haya, nilifurahi kuona. Akasema aliweka mto ili suruali yake isisugue herufi zikafutika. Akasema alidhani siku moja nitapanda nizisome mwenyewe.

Watu wengine wana majibu ya kila kitu.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nyumbani. Marlys alisikiliza habari yote bila kunikatiza. Kuhusu ule ubao alitoka nje kidogo, akarudi na macho mekundu. Akasema barua ya mtu mfu nimeisoma, nimeilia, halafu nimetoa tupa. Nikakiri kwamba, ukilisema hivyo, linasikika vibaya.

Lakini nimelifikiri jambo hili siku nne, nikitembea kutoka jikoni mpaka stoo na kurudi, na sasa nimeona kosa lilipokuwa. Kosa ni tupa. Tupa ina kelele! Ningekuwa na kinoo laini cha mafuta, dume lisingesikia kitu. Nimeshaagiza.

Na Trevarrow amenipigia. Anasema dungu ni lake, sheria ni sheria, lakini ubao ni wa watu wawili, na mwakani nikitaka kupanda naye upande wangu upo. Sharti moja tu: nisije na kitu chochote chenye meno. Nikamwambia nitafikiri. Ananionea wivu wa kigumba cha tatu, ni wazi.

Ili nipande lazima nipite ukaguzi, na ili nipite ukaguzi lazima niwe na nywele. Hapo nimejiwekea mpango madhubuti. Kuanzia leo mpaka Oktoba ijayo sitagusa mikono yangu kwa makali ya aina yoyote. Nimepaka mafuta ya nywele ya Marlys, asubuhi na jioni. Na yanafanya kazi! Leo, karibu na kifundo cha mkono wa kushoto, nimeona nywele tatu zimeota. Tatu, zimesimama wima, nzuri kabisa.

Nikajiuliza kama kigumba cha tatu bado kinakata.

Kinakata. Zimeanguka zote tatu, kwa mpito mmoja!